Daftari la maji la kijiji: jinsi ya kulianzisha na kulifundishia huku kwetu Kusini

Mvua ikinyesha usiku kucha Newala, kusini mwa Tanzania, asubuhi unaweza kwenda mnadani na viatu vyako vya ngozi na ukarudi navyo safi. Hakuna dimbwi wala tope, maana mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde huwa umekwisha kunywa maji yote. Mgeni husema maji yamepotea. Hayakupotea. Yanashuka polepole ndani ya mchanga mpaka yanakutana na tabaka lisilopenyeka, yanatambaa juu ya tabaka hilo hadi pembeni mwa uwanda, kisha yanatokeza chini ya mteremko kama chemchemi. Ndiyo maana Ndanda, chini ya mteremko, kuna maji na juu yake hakuna. Ndiyo maana pia mradi wa maji wa Makonde unayavuta maji bondeni Mitema na kuyapandisha kwa pampu kwa watu wa juu: mvua iliyoanguka juu ya vichwa vyao inarudishwa kwao kwa umeme.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu ndilo somo lenyewe. Mtu wa juu na mtu wa chini wananywa maji mamoja, na wengi wao hawajui. Nimeshiriki mikutano mingi ya kuhamasisha utunzaji wa vyanzo vya maji, yenye mabango, kofia na fulana, na nimeona watu wakipiga makofi kisha wakienda kulima palepale kwenye chemchemi. Hawakuwa wakaidi. Walikuwa wameambiwa habari za maji kwa jumla, na hakuna aliyewaambia habari za maji yao. Kinachobadilisha mazungumzo ni namba za kijiji chenyewe, zilizoandikwa na watu wa kijiji kwenye daftari lao.

Mwongozo huu ni wa kuanzisha daftari hilo. Unafaa kwa kamati ya maji, klabu ya mazingira ya shule, au watu watano sita tu wenye nia. Vifaa vyake vinapatikana kijijini: daftari gumu la kurasa nyingi, kamba, ndoo ya lita 20, chupa za plastiki, rula na simu yenye saa. Anzeni Novemba, kabla mvua haijashika, ili mwaka wenu wa kwanza uwe msimu mzima: mvua ya Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi chote.

Hatua ya kwanza: watu na ruhusa

Mwoneni mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kabla ya kupima chochote. Si kwamba kupima mvua kunahitaji kibali. Tatizo ni kwamba mtu anayezunguka chemchemini na kamba na daftari, katika mikoa iliyoona wapimaji wa gesi, wa barabara na wa madini, hudhaniwa amekuja kuchukua ardhi. Semeni wazi mnafanya nini, na muombe jambo hilo litajwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Waandikaji wawe wawili wawili. Mmoja akisafiri kwenda msibani, mwingine anaandika. Msimpe kazi hii kijana anayesubiri majibu ya chuo. Atapata nafasi yake mwezi wa tatu na daftari litakwenda naye. Wanaodumu, nilivyoona mimi, ni mama wa makamo anayekaa karibu na kisima, na mzee mstaafu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kuandika: karani wa chama cha msingi, mwalimu, mtunza ghala. Watu hawa wana nidhamu ya kalamu.

Hatua ya pili: litembeeni bonde

Tukisema bonde katika mambo ya maji hatusemi bonde la mpunga tu. Ni eneo lote ambalo mvua yake hukusanyika na kuelekea mahali pamoja, pamoja na vilima na uwanda wa juu. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa ya namna hiyo, na letu ni la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambalo bodi yake ina makao Mtwara. Ndani yake kuna Ruvuma tunayopakana nayo na Msumbiji, na mito yetu inayokwenda baharini yenyewe: Lukuledi inayoingia kwenye ghuba ya Lindi, Mbwemkuru, Mavuji, Matandu. Bonde lenu ni kipande kidogo cha mojawapo.

Kitafuteni kipande hicho kwa miguu. Simameni kwenye chanzo chenu kikuu cha maji, kisha pandeni kuelekea kule maji yanakotoka mpaka mfike mahali ambapo, ukimwaga ndoo, maji yangeelekea upande wa pili. Huo ndio mpaka. Safari inaweza kuchukua asubuhi moja au siku mbili. Chukueni wazee, hasa bibi, kwa sababu wao ndio walioteka maji.

Hapa msifanye haraka. Vijiji vyetu vingi vilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, watu wakatoka kwenye makazi yao ya zamani na kusogezwa barabarani. Mahame yale yalikuwa pale kwa sababu, na mara nyingi sababu ilikuwa maji. Muulizeni bibi: mlikuwa mnateka wapi kabla ya kuhamia huku? Kisima kilikauka mwezi gani? Mwaka gani kilikauka mapema kuliko yote? Pale sasa pana nini? Nilitembea hivyo na bibi mmoja, akatuonyesha kichaka cha mikuyu katikati ya shamba la ufuta ambacho vijana wote tuliokuwa nao walikuwa wakikipita tangu utoto. Akachimba kwa jembe, kina cha goti tu, udongo ukatoka umelowa, na ilikuwa mwezi wa tisa. "Hapa mlikuwa hampajui," alisema, si kwa kuuliza.

Mkirudi, choreni ramani chini, kwenye mchanga, kwa kijiti na majivu, watu wote wakiizunguka. Ramani ya karatasi huchorwa na mwenye kalamu peke yake. Ya mchangani kila mtu anaifuta na kuisahihisha. Ikikubaliwa, ndipo mtu aihamishie kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Iwe na vyanzo vyote, hai na vilivyokufa, njia za maji ya mvua, mashamba yaliyo kwenye mteremko, misitu iliyobaki, mahali mifugo inakonywea maji, vyoo vilivyo karibu na visima, na mahali watu wanakofulia. Kila chanzo kipeni namba.

Hatua ya tatu: kupima mvua

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Ikate pale inapoanza kubana kuelekea mdomoni. Kile kichwa kigeuze, kitie ndani ya chupa mdomo ukiangalia chini, kiwe faneli. Kitapunguza maji kuvukizwa na jua na kuzuia majani. Chini tia kokoto ili upepo usiiangushe, kisha mimina maji mpaka yafunike kokoto na kufika mahali ubavu uliponyooka. Hapo weka alama ya sifuri, na juu yake bandika rula ya plastiki. Kila milimita ya rula ni milimita moja ya mvua, ilimradi upana wa faneli kwa juu uwe sawa na upana wa chupa. Chupa zenye kiuno hazifai.

Ifunge kwenye nguzo, mahali peupe, mbali na nyumba na miti: umbali uwe angalau mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Mnazi wa mita 12 unataka mita 24. Soma kila siku saa tatu asubuhi, wakati uleule wanaosoma Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua andika 0. Usiache wazi, kwa sababu baada ya miezi sita hutajua kama hakukuwa na mvua au mwandishi alikuwa harusini.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hii fupi ina nguvu kuliko hotuba. Chukua nyumba ya bati yenye paa la mita 6 kwa 8, yaani mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 25 inaangusha juu yake lita 1,200. Toa sehemu moja ya tano inayoruka na kuvuja, zinabaki lita 960, madumu 48 ya lita 20. Msimu wa milimita 900 unatoa kwenye paa hilohilo zaidi ya lita 34,000. Familia ya watu sita, kwa kiwango cha Sera ya Maji ya 2002 cha lita 25 kwa mtu kwa siku, inatumia lita 27,000 katika siku 180 za kiangazi. Kwa hiyo paa linatosha. Kinachokosekana ni mahali pa kuweka. Watu wa Newala na Tandahimba wanalijua hili zamani, ndiyo maana utakuta nyumba ya kawaida ina kisima cha saruji kilichochimbwa uani na gata zinazokielekea.

Jambo moja la kwetu tu: salfa. Kati ya Juni na Septemba mikorosho inapuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na vumbi lake linatua juu ya kila bati. Viuatilifu vingine vya majimaji navyo hupeperuka. Kabla ya msimu wa kupulizia, geuzeni bomba la gata liangalie nje ya tanki. Mvua ya kwanza, hata ya pili, iachwe ioshe paa na kumwagika chini, ndipo mrudishe bomba. Andikeni daftarini tarehe ya kupulizia na tarehe ya kurudisha bomba.

Hatua ya nne: chemchemi, kisima na mto

Chemchemi ipimwe mara moja kwa wiki, siku ileile. Kama ina bomba la kutolea, weka ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde mpaka ijae. Fanya mara tatu, chukua wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde, ambayo kwa siku nzima ni lita 43,200. Gawa kwa 25: watu 1,728. Kama kijiji kina watu 3,000, mmejua kwa nini kuna foleni, na mmejua bila mtaalamu kutoka popote. Kama chemchemi haina bomba, zuieni maji kwa udongo wa mfinyanzi na mpitishe yote kwenye kipande cha bomba la plastiki au mwanzi mnene.

Kisima kilicho wazi kinapimwa kwa kamba na kopo. Funga kopo dogo tupu la nyanya, mdomo ukiangalia chini, shusha taratibu. Likigusa maji litalia "po". Shika kamba pale ilipofika ukingoni, pandisha, pima urefu. Fanya alfajiri kabla watu hawajaanza kuteka, na uoshe kopo na kamba kwanza, kwa sababu kamba iliyolala chini ya banda la mbuzi inapeleka kisimani kile unachokikimbia.

Visima vya pampu ya mkono, vikiwemo vile vilivyobaki tangu mradi wa Wafini wa miaka ya 1970 na 1980, vimefunikwa na huwezi kushusha kopo. Hapo hesabuni mipigo ya pampu mpaka ndoo ijae. Mipigo ikiongezeka wiki baada ya wiki kuelekea mwezi wa kumi, ama maji yanashuka au mipira ya ndani ya pampu imechakaa. Mvua ikirudi na mipigo ikabaki mingi, ni mipira. Mtaokoa hela ya fundi aliyetaka kuchimba upya.

Mto ni rahisi, ila kuna mamba. Ruvuma msiingie kupima, kwa heshima yoyote ya sayansi. Chagueni kijito kinachovukika, sehemu iliyonyooka. Pimeni mita 10 kandoni, tupeni chungwa bovu katikati ya maji, hesabuni sekunde. Chungwa ni zuri kuliko kijiti kwa sababu linazama nusu na upepo haulisukumi. Pimeni upana, na kina mahali panne au patano, mpate wastani. Mfano: upana mita 4, kina cha wastani mita 0.25, eneo ni mita moja ya mraba. Chungwa limetumia sekunde 25, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya chini yanakwenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisha kwa 0.85. Jibu ni mita za ujazo 0.34 kwa sekunde, au lita 340. Si hesabu ya maabara, lakini ukiirudia kila mwezi mahali palepale inaonyesha kiangazi kinavyoila mito yetu.

Hatua ya tano: ubora

Anzeni na macho na pua, na mwandike: rangi, harufu, tope. Kwa tope, chupa angavu ndefu yenye msalaba mweusi uliochorwa chini yake inatosha. Mimina maji mpaka msalaba usionekane, andika kina. Tope baada ya mvua ya kawaida ni habari kutoka mlimani. Kijito kilichokuwa kinachafuka siku moja tu na sasa kinakaa rangi ya chai ya maziwa kwa wiki nzima, kinakuambia kuna shamba jipya limefunguliwa kwenye mteremko. Huku Lindi mara nyingi ni ufuta: mtu anafyeka msitu, analima miaka miwili mitatu, anahama.

Kwa watu wa pwani, wa Mikindani, Msimbati au Kilwa, kipimo muhimu kuliko vyote ni chumvi. Kuna kifaa kidogo kama kalamu kinachopima maji yanavyopitisha umeme, kwa mikrosimensi kwa sentimita. Maji ya mvua husoma makumi machache. Maji ya bahari kama 50,000. Chini ya ardhi ya pwani maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na kanuni ya zamani ya wanajiolojia inasema kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takribani mita 40 chini yake. Igeuze: ukishusha maji ya kisima kwa mita moja, chumvi inaweza kupanda mita 40. Ndiyo maana jirani aliyefunga mota kubwa anaweza kuharibu visima vya mtaa mzima. Pimeni kila mwezi, hasa Oktoba na Novemba. Namba moja haisemi kitu; inayopanda mwaka hadi mwaka inapiga kelele.

Vimelea havionekani. Kipimo kinachokubalika ni kutokuwepo kabisa kwa bakteria aina ya E. koli katika mililita 100 za maji ya kunywa. Vipo vichupa vya kupimia ambavyo maji huwa meusi baada ya siku moja mbili kama yana dalili ya kinyesi. Vinafaa kwa kubaini visima vya kutilia shaka. Kwa jibu la uhakika, ongeeni na RUWASA wilaya, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, au na maabara ya ubora wa maji iliyopo Mtwara. Wawape chupa safi ya kuchukulia, muiweke kwenye barafu na muifikishe siku hiyohiyo. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai.

Na kichocho. Mahali penye konokono na watoto wanaoogelea, andikeni. Maji yaliyochotwa na kuachwa siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa hayana tena uwezo wa kuambukiza kichocho, maana vijidudu vyake huwa vimekufa. Lakini kwa kunywa bado yachemsheni.

Sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza kichupa kimoja kiligeuka cheusi, nikasimama msikitini baada ya swala ya Ijumaa nikakitaja kisima kwa jina la mwenye nyumba. Yule baba alikuwa anauza maji. Ndiyo ada ya watoto wake. Kesho yake hakuna aliyenunua, na kesho kutwa alikuja nyumbani kwangu. Kipimo kilichorudiwa kilionyesha kwamba tatizo lilikuwa ndoo ya kutekea, si kisima. Ndoo ikabadilishwa, kisima kikawa salama, lakini hatukusalimiana miezi minane. Tangu hapo utaratibu wetu ni huu: jibu baya linarudiwa, halafu linapelekwa kwa mwenye kisima na afisa afya, na kinachotangazwa hadharani ni njia ya kurekebisha tatizo, bila jina.

Hatua ya sita: mita sitini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari; nasi tunakitumia kipimo hichohicho kwa chemchemi. Chukueni kamba ya mita 20, ipimeni mara tatu kutoka kwenye chemchemi kila upande, wekeni vijiti. Msishangae mkikuta shamba la mwenyekiti ndani.

Msianze na sheria, ingawa mnaijua. Anzeni na namba za hatua ya nne. "Mwezi wa kumi mwaka jana ndoo ilichukua sekunde 40; mwaka huu, mzee, ni 70" ni sentensi inayojadilika. "Umevunja kifungu cha 57" inamaliza mazungumzo. Mwenye migomba pale anaweza kukubali kusogea msimu ujao baada ya kuvuna, na kuacha mikuyu na mitomondo irudi. Mikaratusi ing'olewe mapema. Inakunywa kuliko ng'ombe. Kwa mifugo, suala si kuwafukuza wafugaji, ambao wengi wapo kusini kwetu tangu kuhamishwa kwa mifugo kutoka Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na baada yake. Wajengewe birika la kunyweshea chini ya chemchemi, maji yaende kwa bomba.

Hatua ya saba: kufundisha

Hapa ndipo daftari linapoanza kufanya kazi. Ninayo zana moja ninayoipenda kuliko zote, na inagharimu chupa moja.

Kata chupa kubwa ya maji upande wa juu. Chini tia mfinyanzi uliokandwa, vidole vinne, uushindilie mpaka ubavuni pasiwe na mwanya. Juu yake jaza mchanga mwekundu mkavu. Toboa tundu dogo ubavuni, pale mchanga unapokutana na mfinyanzi. Sasa mwite mtoto amwage maji taratibu juu. Mwanzoni hakuna kitu, maji yanapotea, watoto wanacheka. Baada ya dakika kadhaa tone linatoka tunduni, halafu jingine, kisha mchirizi. Mwambie aache kumwaga. Mchirizi unaendelea. Hapo uliza: kiangazi, mvua ilishakoma, mbona Ndanda bado inatoka maji?

Nyamaza uwaache wajibu. Wakishajibu, funika nusu ya mchanga kwa mfuko wa nailoni, umwage tena. Hilo ndilo shamba lililoshindiliwa na kuachwa wazi mpaka likawa gumu kama sakafu. Mwisho weka rangi ya chakula nyekundu juu ya mchanga, kwa jina la choo, au salfa, au dawa ya mikorosho. Wote wataikodolea macho ile chemchemi ndogo. Rangi inapotokea, sijawahi kuhitaji kusema neno. Mama mmoja alisema tu, "Kumbe ninyi wa juu mnatunywesha."

Kwa watu wazima wasiopenda grafu, tumieni korosho. Panga chini safu ya miezi, na juu ya kila mwezi weka korosho moja kwa kila milimita 10 za mvua. Kando panga kokoto kwa lita za chemchemi. Wataona wenyewe kwamba kilele cha korosho kinakuja kwanza na kilele cha kokoto kinafuata nyuma, na wataanza kubishana kwa nini. Ubishi huo ndio elimu.

Kuhusu wakati: Wiki ya Maji, 16 hadi 22 Machi, ina shamrashamra zake na ni nafasi ya kuwaonyesha viongozi daftari. Lakini kwetu Machi ni masika, maji yako kila mahali, na hakuna anayeyawaza. Somo la kweli fanyeni Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati dumu lina bei na minada ya korosho haijawachukua watu. Msiingiliane na jando na unyago. Ila mkielewana na wakungwi, habari za maji safi zinaweza kupata nafasi humo, na zikisemwa na kungwi hazisahauliki.

Hatua ya nane: daftari litoke kijijini

Mwisho wa kila mwezi piga picha kurasa zote kwa simu na uzihifadhi kwa watu watatu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya kusini kukatika, palikuwa na nyumba ambazo hazikubakia na karatasi hata moja.

Mwaka ukitimia, nakili jumla za kila mwezi kwenye ukurasa mmoja, ukurasa mmoja tu, na upeleke nakala kwa chombo chenu cha watoa huduma za maji, RUWASA wilaya, ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde, Mtwara, na shule. Bodi ya bonde ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji, kwa hiyo mtu akiomba kuvuta maji mengi kwenye kijito chenu, ni wao wanaopaswa kujua kijito kinabaki na nini mwezi wa kumi. Andikeni kwenye barua jinsi mlivyopima, mahali, na siku mlizokosa. Siku mlizokosa hasa; ndizo zinazomfanya mtaalamu aziamini zile mlizoandika. Ombeni wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu, kisha fungueni daftari la pili kabla mvua ya Novemba haijaanguka.